Sola, upepo na chaja kwenye inveta moja: unaunganishaje bila kuchoma kitu

Swali ni lile lile kila mara, linabadilisha nguo tu. "Nina paneli mbili, nina turbaini ndogo ya upepo, nina na betri imekaa tu, je naweza kuzichomeka zote kwenye inveta moja?" Jibu ni ndio, unaweza, ila sio kwa kuzichomeka zote kwenye inveta. Nimechoka kuandika jibu moja kwa mtu mmoja mmoja kwa hiyo leo naliandika lote hapa, chukua kalamu.

Kitu cha kuelewa kabla ya vyote ni hiki, na ndio nadharia pekee utakayopata kwangu leo: inveta ya kawaida ya betri haijui kuchanganya vyanzo, kazi yake ni kunyonya DC (umeme wa betri na paneli) upande mmoja na kutema AC (umeme wa soketi za nyumbani) upande wa pili, basi. Anayechanganya ni betri. Kila chanzo kinapita kwenye kontrola yake mwenyewe (kifaa kinachosimamia chaji inayoingia kwenye betri), kontrola zote zinakutana kwenye betri, na inveta inakunywa kutoka kwenye betri hiyo hiyo. Ukiielewa hiyo sentensi moja umemaliza nusu ya kazi.

Kwa nini usifunge paneli moja kwa moja kwenye inveta? Kwa sababu paneli ndogo ya seli 36, hizi zinazoitwa za 12V, ikiwa haijafungwa kitu inatoa kama 22V, na inveta nyingi za 12V zinaanza kulia ukipita 15 au 16 hivi. Halafu wingu likipita volti inaporomoka na inveta inazima, wingu likiondoka inawaka, inazima tena, mpaka kitu kiungue. Na kuna wanaosema weka dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili vyanzo visirudishiane umeme. Dayodi inazuia kurudishiana, kweli, lakini haichanganyi: chanzo chenye volti kubwa ndio kinabeba mzigo, chenye volti ndogo kinakaa kusubiri zamu ambayo pengine haifiki. Juu ya hapo dayodi inakula karibu nusu volti, sasa piga mara ampea 20 uone, wati 10 zinapotea kama joto tu.

Kabla hujashika waya, kusanya hivi

- Betri au benki ya betri, za aina moja, umri mmoja, ukubwa mmoja. Usichanganye ya zamani na mpya, ya zamani itaiburuza mpya chini.
- Kontrola ya chaji kwa kila chanzo. Ya sola kwa sola, ya upepo kwa upepo. Hakuna njia ya mkato hapa.
- Inveta yenye volti sawa na benki yako. Kama utawasha mota, friji au pampu, tafuta ya pure sine wave, yaani inayotoa mawimbi laini kama ya gridi.
- Fyuzi au breka za DC kwa kila chanzo na moja kubwa ya inveta.
- Basiba mbili, yaani vile vipande vya shaba vyenye boliti nyingi, moja ya chanya moja ya hasi.
- Kebo za shaba, vichwa vya kebo na mashine ya kuvibana. Nyundo sio mashine ya kubana.
- Multimita inayopima DC, na kama unaweza, ile ya kushika waya inayopima ampea za DC.
- Miwani, spana uliyozungushia tepu kwenye mpini, na vua pete na saa. Nasema kweli, vua. Betri ikipata shoti kupitia pete, pete inakuwa nyekundu ukiwa bado umeivaa.

Neno moja kuhusu breka. Breka ya AC usiiweke kwenye DC hata kama ampea zinafanana. Umeme wa AC wa 50Hz unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde kwa hiyo cheche inapata nafasi ya kufa, DC haina sifuri, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka mpaka plastiki iyeyuke. Na breka nyingi za DC zina alama ya plus na minus, zifuate.

Hatua zenyewe

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili tusipotezane: paneli mbili za wati 300 zenye seli 60, turbaini ya wati 400, chaja ya betri ya 20A ya kutumia na genereta, na inveta ya wati 1000.

1. Chagua volti ya mfumo. Watu wengi wanakimbilia 12V kwa sababu vifaa ni vingi, halafu wanalia baadaye. Hesabu ni ndogo: wati gawa kwa volti, halafu gawa kwa 0.9 kwa sababu inveta nayo inakula kidogo. Wati 1000 kwa 12V ni kama ampea 93. Kwa 24V ni 46. Kwa 48V ni 23. Ampea zikipungua kebo inakuwa nyembamba, joto linapungua, fyuzi inakuwa ndogo. Ushauri wangu, ukipita wati 1000 sahau 12V, ukipita 3000 nenda 48V. Mfano wetu ni 24V.

2. Jumlisha ampea za vyanzo vyote ulinganishe na betri. Hapa ndio wengi hawapigi hesabu kabisa. Betri ya risasi inapenda kuchajiwa kwa asilimia 10 mpaka 20 ya ukubwa wake, kwa hiyo benki ya 200Ah inataka kati ya ampea 20 na 40. Sasa angalia: paneli 600W kwa 24V ni ampea 25, turbaini ni kama 16, tayari ni 41, na chaja ya 20 bado haijawashwa! Siku ya jua na upepo pamoja ukaongeza na chaja, betri inapokea 61, inachemka, inakauka maji. Kwa hiyo ama uongeze betri, ama chaja iwashwe tu wakati hakuna jua wala upepo, ama uipunguze kwenye seting. Kama una lithiamu ya LiFePO4 uvumilivu ni mkubwa zaidi, nyingi zinakubali mpaka nusu ya ukubwa wake, ila soma BMS yake (saketi ya ndani inayoilinda betri) inaruhusu ampea ngapi, usinisikilize mimi, isikilize BMS.

3. Hakikisha kontrola inaweza volti ya paneli wakati wa baridi. Lebo nyuma ya paneli ina kitu kimeandikwa Voc, hiyo ni volti ya paneli ikiwa haijafungwa popote. Inapimwa nyuzi 25 za Selsiasi. Ikiwa baridi zaidi volti inapanda, takriban asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja. Paneli zetu mbili za 38V zikifungwa mfululizo ni 76V, na kukiwa na nyuzi 0 asubuhi ni 76 mara 1.075, karibu 82V. Kontrola ya 75V imekufa hapo, na haifi kwa sababu ya wingi wa jua, inakufa asubuhi yenye baridi jua likichomoza. Chukua ya 100V. Kama kwenu hakuna baridi kali bado acha nafasi. Na iwe MPPT, aina inayogeuza volti ya ziada ya paneli kuwa ampea, kwa sababu PWM, ile aina rahisi inayounganisha paneli na betri kwa kuwasha na kuzima, itaivuta paneli ya 30V ishuke mpaka volti ya betri na utapoteza nguvu uliyoilipia.

4. Angalia kontrola zako zina chanya ya pamoja au hasi ya pamoja. Tafadhali usiruke hapa. Kontrola nyingi za PWM za bei ndogo zinaunganisha chanya zote ndani na zinakata kwenye hasi. MPPT nyingi zinafanya kinyume, hasi ndio ya pamoja. Ukizifunga zote mbili kwenye betri moja inaweza isiwe shida, lakini ukija kuunganisha hasi za paneli pamoja, au ukazipeleka arthi zote, umeshaipita ile swichi ya ndani ya PWM, na paneli sasa inachaji betri bila kuulizwa. Mimi nilichemsha betri siku mbili nzima nikiilaumu kontrola kumbe waya wa arthi ndio mchawi. Pima kwa multimita ikiwa kwenye mlio wa waya (continuity), kontrola ikiwa haijafungwa popote: gusa hasi ya paneli na hasi ya betri, ikilia hasi ni ya pamoja, kisha gusa chanya na chanya. Zote ziwe za aina moja kama unaweza.

5. Funga basiba na fyuzi, kila kitu kikiwa bado kimekufa. Kila chanzo kinaingia kwenye basiba ya chanya kupitia fyuzi yake. Kanuni ya fyuzi: ampea za juu kabisa mara 1.25, kisha panda kwenye saizi inayofuata, na kebo iwe na uwezo kuliko fyuzi. Fyuzi inalinda kebo, hailindi kifaa, hili watu hawalijui. Kwa inveta yetu betri ikishuka mpaka 22V ampea zinafika 50, mara 1.25 ni 63, kwa hiyo fyuzi ya 70 au 80 na kebo ya mm² 25. Fyuzi kubwa iwe karibu na betri, sio karibu na inveta, maana shoti ikitokea katikati unataka fyuzi iwe upande wa umeme. Kwa benki kubwa ya lithiamu tafuta fyuzi za Class T, lithiamu ikipata shoti inatema ampea maelfu na fyuzi dhaifu inaweza kuruka lakini cheche ikaendelea humo humo.

Kama utaweka mita ya betri yenye shanti (kipande cha chuma kinachopimia ampea zinazopita), kila hasi ipite upande mmoja wa shanti na betri peke yake upande wa pili. Hasi moja ikitoroka ikaenda moja kwa moja kwenye betri, mita itakudanganya kila siku.

6. Unganisha betri. Kama ni mbili au zaidi sambamba, chanya ichukuliwe kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya mwisho, kebo za katikati ziwe urefu sawa. Ukichukua zote kwenye betri moja, hiyo moja ndio itafanya kazi mpaka ife na nyingine zimekaa kama wageni.

7. Fungia kontrola kwenye betri KWANZA, kisha weka seting, kisha ndio paneli. Kontrola inahitaji kuiona betri ijue ni mfumo wa 12 au 24. Ukianza na paneli baadhi zinaungua papo hapo. Siku ya kufungua geuza mpangilio: paneli kwanza, betri mwisho.

8. Weka seting zinazofanana kwenye kontrola zote. Kwa betri ya risasi ya 24V ni kama 28.8V ya kujaza na 27.2 mpaka 27.4 ya kushikilia. Jeli inataka chini kidogo, kama 28.2 mpaka 28.4. LiFePO4 ya seli nane ni kati ya 28 na 28.8, usiweke kabisa ile hali ya kusawazisha (equalize), na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0. Kama kontrola moja imewekwa 28.8 na nyingine 27.6, ile ya chini itaona betri imejaa mapema itaacha kazi, halafu utasema upepo haufanyi kitu.

9. Turbaini sasa. Hii ina tabia zake. Paneli ukiikata inakaa kimya tu jua linaendelea kuipiga, haina neno. Turbaini ukiikata ikiwa inazunguka inakosa mzigo, inaongeza kasi, volti inapanda hovyo, na kwenye upepo mkali inaweza kujivunja mapanga. Kwa hiyo usiweke swichi ya kawaida ya kukata tu, na usiifunge kwenye MPPT ya sola hata kama volti inaonekana inatosha. Inahitaji kontrola ya upepo yenye heta ya kumwagia, betri ikijaa umeme unaelekezwa kwenye heta badala ya kukatwa. Nyingi zinatoa waya tatu za AC, zinapita kwenye rektifaya ndio zinakuwa DC, kontrola nyingi zinayo ndani. Weka na swichi ya breki, ile inayounganisha zile waya tatu pamoja turbaini ikiwa inazunguka polepole, inasimama. Breki ivutwe kabla ya kugusa waya yoyote.

10. Chaja ya genereta, au chaja ya DC kwenda DC kama unatoa kwenye altaneta ya gari. Inaingia kwenye basiba kama wenzake, fyuzi yake, seting ile ile. Altaneta usiifunge moja kwa moja kwenye lithiamu, lithiamu inanyonya bila huruma na altaneta inaungua.

11. Inveta mwisho. Ndani ina kapasita kubwa tupu, ukigusisha kebo utasikia pah! na cheche, na ikitokea mara nyingi inakula boliti na kapasita zenyewe. Dawa ni kupitisha umeme kwanza kwenye rezista ya kama ohm 50 kwa sekunde kadhaa, kisha ndio unafunga kebo. Balbu ndogo ya volti ile ile nayo inafanya kazi. Pima chanya na hasi mara mbili kabla, ukigeuza polariti inveta nyingi hazina msamaha.

12. Jaribu kidogo kidogo. Washa inveta bila mzigo, pima AC. Kisha taa. Kisha kitu cha wati 200, acha nusu saa, ushike kila kiungio kwa nyuma ya mkono, kwenye DC tu na kwa uangalifu. Kiungio chenye moto ni kiungio kilicholegea. Kisha ndio ule mzigo mkubwa, na kumbuka mota inapoanza inaweza kuvuta mara tatu mpaka saba ya wati zake.

Upande wa AC, toleo la inveta lisikutane kamwe na umeme wa gridi wala wa genereta kwenye waya mmoja, weka swichi ya kubadilishia, huku au kule. Na inveta mbili za kawaida usiunganishe matoleo yake ukitegemea zitajumlishana, zisipokuwa zimetengenezwa kuongea zenyewe kwa kebo ya mawasiliano zitauana. Ikiwa unaingiza umeme kwenye waya za nyumba muite fundi mwenye leseni, hapo sina mjadala.

Kama una inveta hybridi

Hizi zina kontrola ndani, nyingi zina tundu mbili za MPPT. Hapo ndio unaweza kusema inveta inachanganya, ila bado ni kontrola mbili zilizofichwa kwenye boksi moja. Paneli zinazotazama mashariki tundu la kwanza, za magharibi la pili, usizichanganye kwenye mfululizo mmoja kwa sababu paneli dhaifu inaamua ampea za wote. Matundu haya mara nyingi yanataka volti mia na kitu kwenda juu mpaka mia nne na zaidi, hiyo ni DC ya kuua, usichomoe viungio vya MC4 vya waya za paneli jua likiwaka na mzigo unavuta. Turbaini na betri ya pembeni haziingii kwenye tundu la paneli. Zinakwenda upande wa betri, na kontrola zake, kama tulivyofanya juu.

Ikigoma

*Inveta inalia na kuzima mzigo ukiwaka, ila mita ya betri inasema imejaa.* Pima volti kwenye boliti za inveta mzigo ukiwa umewaka, halafu kwenye betri wakati huo huo. Tofauti ikipita nusu volti tatizo ni kebo au kiungio. Mfano, ampea 20 kwenye kebo ya mm² 6 yenye mita 10 kwenda na 10 kurudi inapoteza volti 1.2 hivi, kwenye 12V hiyo ni asilimia 10 imeondoka njiani. Kama hakuna tofauti na betri yenyewe inaporomoka, betri imechoka.

*Sola inachaji vizuri ila upepo ukianza sola inashuka.* Hakuna kilichoharibika. Betri inakaribia kujaa, volti imepanda, kontrola zinapunguza. Ongeza mzigo uone kama zote zinarudi, zikirudi enda kalale.

*Kontrola moja inasoma 28.6 na nyingine 28.1 kwa betri moja.* Kebo ya mojawapo ni ndefu au nyembamba, inaona volti ya njiani sio ya betri. Kama ina waya za kupimia volti zipeleke moja kwa moja kwenye betri, kwa fyuzi ndogo.

*Fyuzi ya inveta inaruka kila ukiwasha pampu.* Usiweke kubwa zaidi kabla hujaangalia kebo inabeba ngapi. Mara nyingi pampu inataka inveta kubwa zaidi au kianzishi laini (soft starter, kinachoiwasha mota polepole).

*Turbaini inazunguka lakini hakuna ampea.* Pima volti ya DC baada ya rektifaya. Ikiwa chini ya volti ya betri upepo hautoshi, chaji haianzi mpaka ivuke. Ikiwa sifuri kabisa angalia kama kuna mtu amesahau swichi ya breki, na huyo mtu mara nyingi ni wewe.

*Heta ya kumwagia ina moto usiku hakuna mtu ametumia umeme.* Sawa tu, betri imejaa na upepo unavuma. Ila hakikisha haiko karibu na mbao, karatasi au betri zenyewe, na betri za risasi zinapochaji zinatoa haidrojeni kwa hiyo heta ikae chumba kingine kabisa.